Hidramu isiyozimika: mwongozo kamili wa kupandisha maji mlimani bila umeme wala mafuta

Hidramu ni pampu inayopandisha maji kwa nguvu ya maji yenyewe yanayoanguka. Malalamiko kuhusu pampu hii ni matatu, na hayabadiliki. Kuna mwenye pampu iliyogonga vizuri siku chache, ikaanza kutikisika kama inataka kung'oka, kisha ikanyamaza. Kuna ambaye yake inamwaga maji tu, haigongi. Na kuna ambaye yake inagonga usiku na mchana lakini tangini hakuna tone.

Wengi wao walinunua vifaa vizuri na wakamlipa fundi anayejua kazi ya bomba. Lakini ukiwauliza anguko la maji ni mita ngapi, wanaonyesha kwa mkono. Ukiwauliza hewa ya chemba inarudishwaje, wanakutazama. Hapo ndipo pampu zinapofia.

Mwongozo huu ni wa anayekaa kwenye mteremko: kijito kiko bondeni, nyumba na bustani viko juu, kama ilivyo Lushoto, Marangu, milima ya Uluguru, Rungwe au Murang'a. Mwenye kisima kwenye tambarare hidramu haimfai. Haivuti maji kutoka shimoni. Inataka maji yanayoanguka.

## Kinachotokea ndani

Maji yanashuka kwenye bomba la chuma na kumwagika nje kupitia valvu (kilango cha kufunga na kufungua njia ya maji) iliyo wazi. Yakishika kasi, yanaifunga valvu hiyo kwa kishindo. Ndani ya bomba bado kuna maji ya kilo kumi na kitu yanayokwenda mbio, na ghafla hayana pa kupita. Yanaisukuma valvu ya pili na kujipenyeza kwenye chemba yenye hewa. Hewa inabanwa.

Msukumo ukiisha, valvu ya pili inafunga. Hewa iliyobanwa inajitanua na kuyasukuma maji yaliyoingia, nayo hayana njia ila kupanda. Valvu ya kwanza inaanguka kwa uzito wake, inafunguka, na mambo yanaanza upya, mara 40 hadi 90 kwa dakika.

Shika jambo moja, maana hatua zote zinalirudia: hewa inatakiwa ndani ya chemba, na haitakiwi kabisa ndani ya bomba linaloleta maji. Ikikosekana chembani, kila pigo linatua kwenye chuma kitupu na viungo vinalegea. Ikiwamo ndani ya bomba, pigo linamezwa kabla ya kufika kwenye valvu.

Ipo pampu nyingine inayotumia maji yanayoanguka kunyonya hewa na kuibana chini ya shimo, kisha hewa hiyo inapandisha maji kwa mapovu. Haina hata valvu moja. Lakini inadai shimo la mita kadhaa kwenda chini kando ya mto, na kwenye miamba ya milimani shimo hilo litakula fedha kuliko pampu yenyewe. Nimeiacha.

## Vifaa

Hapa natumia pampu ya inchi moja na robo, kwa sababu inatosha familia na bustani, na vipande vyake vinapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi mjini.

Kwa pampu yenyewe:

- Bolu valvu (koki ya kufungulia maji) moja ya inchi 1¼
- Yunioni (viungo vinavyofunguka) mbili za inchi 1¼
- Tii (viungo vyenye midomo mitatu) mbili za inchi 1¼ na moja ya robo tatu ya inchi
- Cheki valvu (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu) ya shaba yenye mlango unaoning'inia, inchi 1¼ (hii ndiyo valvu ya kumwaga)
- Cheki valvu ya springi, inchi 1¼ (hii inalinda chemba)
- Nipeli (vipande vifupi vya bomba vyenye nyuzi) sita au saba za inchi 1¼, na chache za robo tatu
- Rediusa (kiungo cha kupunguza ukubwa wa bomba) ya kutoka inchi 1¼ kwenda robo tatu
- Geti valvu (koki ya kuzungusha) ya robo tatu
- Geji ya presha inayosoma hadi bar 6 au 10, na rediusa yake
- Tepu nyeupe ya mafundi bomba, au katani na rangi kama fundi wako amezoea hiyo

Kwa chemba ya hewa: kipande cha bomba la chuma la inchi 3, urefu wa sentimita 60 hadi 90, kilichochongwa nyuzi pande zote mbili, kofia ya juu, rediusa ya chini ya kutoka inchi 3 kwenda 1¼, na tyubu ya baiskeli, hata ya zamani ilimradi haivuji.

Kwa njia ya maji: mabomba ya chuma ya inchi 1¼ (idadi utaijua baada ya hesabu, usinunue sasa), poli paipu (bomba laini la plastiki) ya robo tatu ya kufika hadi kwenye tangi, wavu, saruji, mchanga na kokoto.

Zana: spana mbili za bomba, mpira mweupe wa kupimia usawa kama wanaotumia mafundi uashi, ndoo ya lita 20, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Onyo kuhusu chemba. Wengi hutumia bomba la PVC la inchi 4 kwa sababu ni rahisi. PVC nyembamba ya maji taka haikuumbwa kwa presha. Ndani yake kutakuwa na hewa iliyobanwa inayopigwa maelfu ya mara kila siku, na siku ikipasuka inarusha vipande vyenye ncha kali. Tumia chuma. Kama huna budi kutumia PVC, iwe ya daraja la presha na uifukie kwenye kifusi cha mchanga au uizungushie matofali.

## Hatua ya 1: Pima anguko

Anguko ni kimo cha kutoka uso wa maji pale unapoyachukua hadi pale pampu itakapokaa. Urefu wa bomba hauhusiki hapa. Ni kimo cha wima.

Jaza maji kwenye mpira mweupe na hakikisha hauna povu ndani. Mmoja ashike ncha moja sambamba na uso wa maji kwenye chanzo, mwingine ashuke mteremko na ncha ya pili akiwa na fito iliyochorwa sentimita. Maji kwenye ncha zote mbili hukaa usawa mmoja. Soma kimo kwenye fito, weka alama chini, hamia hapo, rudia. Jumlisha vipimo vyote.

Kwa njia hiyo hiyo pima kutoka mahali pa pampu hadi mdomo wa tangi huko juu. Hicho ndicho kimo cha kupandisha.

Anguko la mita 1.5 linaweza kufanya kazi, lakini mita 2 hadi 5 ndizo zinazompa mtu usingizi. Ukizidi sana hapo, mapigo yanakuwa makali na pampu hii ya vipande vya dukani itachakaa mapema.

Umefanikiwa ukiwa na: namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi, kila moja imepimwa mara mbili na hazitofautiani kwa zaidi ya sentimita 10.

## Hatua ya 2: Pima wingi wa maji, tena kiangazi

Ziba kijito kwa udongo na mawe, pitisha maji yote kwenye kipande cha bomba au bati, kinga ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 60, una lita 20 kwa dakika. Ikijaa kwa sekunde 30, una 40.

Usipime wakati wa masika. Kijito kinachotisha mwezi Aprili kinaweza kuwa uzi mwembamba Septemba. Hidramu iliyonunuliwa kwa kipimo cha masika ikifika kiangazi inakunywa maji kuliko yanayoingia, chanzo kinakauka, bomba linavuta hewa, pampu inazima.

Pampu ya inchi 1¼ inahitaji takriban lita 8 hadi 38 kwa dakika. Kama kijito chako kiangazi kinatoa lita 6 au 7, shuka hadi pampu ya inchi moja. Usijaribu kuibana kwa kufunga bolu valvu nusu. Hiyo inaua kasi ya maji, na kasi ndiyo mafuta ya pampu hii.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kugusa pochi

Chukua lita kwa dakika zinazoingia, zidisha kwa anguko, gawa kwa kimo cha kupandisha. Jibu likate nusu, kwa sababu pampu ya kutengeneza nyumbani hupoteza karibu nusu ya nguvu njiani.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho: maji lita 20 kwa dakika, anguko mita 3, kimo cha kupandisha mita 18.

20 × 3 = 60. 60 ÷ 18 = 3.33. Nusu yake ni lita 1.67 kwa dakika.

Zinaonekana kidogo. Lakini pampu hailali: kwa saa 24 ni lita 2,400 hivi, yaani ndoo 120 ambazo hakuna mtu aliyezibeba kichwani.

Kama kimo chako ni zaidi ya mara kumi ya anguko, usiendelee kwa pampu hii. Tafuta anguko kubwa zaidi chini zaidi kwenye kijito, au weka tangi chini kidogo ya ulipotaka.

## Hatua ya 4: Kibali na majirani

Tanzania, matumizi ya maji ya mto yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde husika, kwa mfano Pangani, Wami/Ruvu au Rufiji, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria ya mazingira nayo inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo uliza kabla ya kumwaga zege. Kenya nenda Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA.

Kwa majirani wa chini, wapeleke waone. Katika mfano wetu, kati ya lita 20 zinazoingia, zaidi ya 18 zinarudi kijitoni hapo hapo. Wazee wanaogawa zamu za mfereji wakiona maji yanarudi, mazungumzo huwa mafupi.

## Hatua ya 5: Tengeneza mdomo wa maji

Jenga kibwawa kidogo cha mawe na saruji, au zamisha pipa lililokatwa. Mdomo wa bomba ukae angalau sentimita 30 chini ya uso wa maji na sentimita 15 juu ya sakafu.

Sababu ya kipimo cha juu ni hewa. Mdomo ukiwa karibu na uso, maji yanazunguka na kufanya kishimo katikati kama yanavyofanya kwenye karo, na kishimo hicho kinavuta hewa hadi ndani. Kipimo cha chini ni kwa ajili ya mchanga, ambao ukifika kwenye valvu unakula mpira.

Funga wavu kwenye mdomo, na uwe mpana mara kadhaa kuliko bomba ili majani machache yasizibe njia yote.

## Hatua ya 6: Bomba la msukumo

Hili ndilo bomba linaloleta maji kwenye pampu, na hapa ndipo pampu nyingi zinaposhindwa.

Liwe chuma. Poli paipu ni ya bei nafuu, inapinda kirahisi, na ndiyo kosa la kwanza la wanaolalamika kuwa maji hayafiki juu. Pigo likija, bomba laini linavimba kidogo na kulimeza. Nguvu uliyotaka iende chembani inaishia kutanua plastiki. Chuma hakivimbi.

Urefu wake uwe mara nne hadi sita ya anguko. Kwa anguko la mita 3 ni mita 12 hadi 18. Mabomba ya chuma huuzwa kwa urefu wa mita 6, kwa hiyo mawili au matatu. Mimi ningeweka matatu. Likiwa fupi mno, maji hayana uzito wa kutosha na valvu inapapatika tu. Likiwa refu mno, msuguano unayachosha maji na mapigo yanakuwa ya kusuasua.

Lakini mteremko wako ni wa taratibu, na ili upate mita 3 za anguko lazima uende mita 60? Usilaze bomba la chuma la mita 60. Leta maji kwa poli paipu ya inchi 2 hadi kwenye pipa lililo wazi juu, likiwa mita 18 kutoka kwenye pampu. Bomba la chuma lianzie kwenye pipa hilo. Anguko sasa linahesabiwa kutoka uso wa maji ya pipa, kwa hiyo pipa likae juu kadiri maji yanavyoweza kuingia yenyewe. Mdomo wa pipa uwe juu kidogo kuliko uso wa maji ya chanzo, lisifurike.

Lishuke moja kwa moja. Lisiwe na nundu, bonde wala kona kali. Kila nundu ni kifuko cha hewa ambacho huwezi kukitoa, na kila kona ni mahali pigo linapopunguzwa. Lichomekee mawe au vigingi kila kiungo ili lisicheze.

Umefanikiwa kama ukifungua maji bila pampu, yanatoka mengi, bila kukohoa, na baada ya dakika mbili hakuna povu linaloonekana.

## Hatua ya 7: Unganisha pampu

Fuata mfuatano huu kutoka bomba linapoingia:

Bolu valvu, kisha yunioni, kisha tii ya kwanza. Tawi la tii litazame juu. Juu ya tawi hilo funga cheki valvu ya shaba.

Hapa simama. Mshale uliochongwa kwenye valvu hiyo utazame chini, kinyume na maji yanayotoka. Fundi yeyote wa bomba atataka kuugeuza juu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Mkatalie. Mshale ukitazama chini, mlango unaning'inia wazi kwa uzito wake na maji yanapita kwenda nje. Kasi ikizidi, yanaubeba mlango na kuufunga kwa kishindo. Mshale ukitazama juu, maji yatamwagika hadi kiama na pampu haitagonga.

Baada ya tii ya kwanza, kwa usawa, weka nipeli na cheki valvu ya springi. Hii mshale wake uelekee mbele, kwenda chembani. Kisha yunioni ya pili, kisha tii ya pili ambayo tawi lake linatazama juu kubeba chemba. Kisha rediusa ya robo tatu, tii ya robo tatu yenye geji, na mwisho geti valvu ambako poli paipu ya kupandisha itaanzia.

Zungushia tepu kila uzi mara nne au tano na ukaze kwa spana mbili. Kiungo kinachovuja maji kidogo upande wa chemba kinaweza pia kuvujisha hewa.

Mwaga kitako cha zege na uifunge pampu kwa boliti na vibano. Chimba mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika, na kitako kiwe juu ya usawa wa mafuriko ya kawaida. Valvu ya kumwaga ikizama, maji yanauzuia mlango na mapigo yanafifia.

## Hatua ya 8: Weka hewa itakayobaki

Chemba tupu ina hewa siku ya kwanza, ndiyo maana pampu nyingi huanza kwa shangwe. Lakini maji yaliyo kwenye presha huyeyusha hewa na kuondoka nayo kidogo kidogo kwenda juu. Baada ya siku kadhaa chemba imejaa maji. Utasikia sauti ikibadilika: badala ya kishindo kizito unasikia chuma kikigonga chuma, na bomba zima linaruka.

Kuna dawa mbili. Chagua moja.

Ya kwanza ni tyubu ya baiskeli. Ijaze hewa hadi ukiibonyeza inarudi taratibu, isiwe ngumu. Ikunje, isukume ndani ya chemba kabla ya kufunga kofia, na valvu ya tyubu itazame juu isikwaruzwe. Hewa iliyomo ndani ya mpira haiguswi na maji, kwa hiyo haiyeyuki haraka. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza.

Ya pili ni kitobo cha milimita 1.5 kwenye nipeli iliyo kati ya tii ya kwanza na cheki valvu ya springi. Kila baada ya pigo maji hurudi nyuma kidogo, na kitobo kinavuta hewa ambayo pigo linalofuata linaipeleka chembani. Kitatema maji kidogo kila pigo, na ni sawa. Kikitobolewa kikubwa, hewa inakuwa nyingi mno na maji yanapungua juu. Kikiziba kwa matope, umerudi ulipoanzia.

Usitumie zote mbili. Na usijaze chemba kwa kompresa ya gereji eti kuiongezea nguvu. Nguvu ya pampu inatoka kwenye anguko.

## Hatua ya 9: Bomba la kupandisha na tangi

Poli paipu ya robo tatu ya daraja la PN 6 inavumilia presha ya maji ya mita 60, hivyo kwa mita 18 una nafasi ya kutosha. Ifukie ili jembe na ng'ombe wasiifikie. Tangi liwe na tundu la kufurikia, kwa sababu pampu haijui kuwa limejaa.

## Hatua ya 10: Iwashe

Wengi hufungua kila kitu kwa pamoja na kusubiri muujiza. Bomba la kupandisha likiwa tupu halina presha ya kurudisha, na bila presha hiyo mlango wa valvu ya kumwaga haufunguki wenyewe baada ya pigo. Pampu hii inahitaji karibu bar 0.7 ili iweze kujiendesha.

Fanya hivi:

1. Funga geti valvu ya kupandisha kabisa.
2. Fungua bolu valvu yote. Maji yatatoka kwa nguvu juu ya valvu ya kumwaga, kisha mlango utajifunga.
3. Usukume mlango chini kwa kijiti. Ushikilie wazi dakika moja au mbili mara ya kwanza, hadi mapovu yaishe.
4. Uachie. Ukijifunga, usukume tena. Rudia mara 20 au 30 huku ukitazama geji ikipanda.
5. Ikipita bar 0.7, mlango utaanza kuanguka wenyewe. Toa kijiti.
6. Iache igonge hadi geji ifike bar 1.5 hivi, kisha fungua geti valvu kidogo sana, robo mzunguko. Geji ikishuka kuelekea 0.7, rudisha.
7. Kadiri bomba la mlimani linavyojaa, presha inashikilia yenyewe na unaweza kufungua zaidi, hadi mwisho.

Onyo: tumia kijiti, si kidole. Mlango unafunga kwa nguvu ya maji yote yaliyo bombani.

Usivunjike moyo kama juu kumekauka mwanzoni. Poli paipu ya robo tatu yenye urefu wa mita 80 inabeba lita 25 hivi, kwa hiyo subiri robo saa au zaidi kabla ya tone la kwanza.

Umefanikiwa kama: mapigo ni ya mwendo mmoja, geji imetulia karibu na bar 1.8 (kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1), na mdomoni mwa tangi chupa ya lita moja inajaa kwa sekunde 36 hivi. Ikichukua dakika nzima bado pampu inafanya kazi, ila kuna nguvu inapotea. Rudi kwenye bomba la msukumo.

## Ikigoma

Inamwaga tu, mlango haujifungi. Maji hayana kasi. Angalia kama wavu umeziba, kama bolu valvu iko wazi yote, na kama mshale umegeuzwa.

Mlango umefunga na hauanguki. Presha ya upande wa chemba ni ndogo. Funga geti valvu, anza upya kwa kijiti. Ikirudia kila mara, huenda cheki valvu ya springi ina mchanga na haizibi.

Inagonga vizuri, maji hayafiki. Tazama geji. Ikiwa imesimama chini ya kimo chako, nguvu inamezwa mahali: hewa kwenye bomba la msukumo, kipande cha plastiki ulichoungia kwa kubana matumizi, au kuvuja. Ikiwa geji iko juu kuliko inavyotakiwa, njia ya kwenda tangini imeziba au imekunjwa.

Inaruka na kupiga kelele za chuma. Hewa imeisha. Izime siku hiyo hiyo. Funga bolu valvu na geti valvu, fungua yunioni ya pili taratibu, mwaga maji ya chemba, angalia tyubu kama imetoboka au kitobo kama kimeziba.

Inazima alfajiri kila siku. Mara nyingi ni jirani wa juu anayefungulia mfereji wake muda huo, na chanzo chako kinashuka hadi mdomo unavuta hewa. Hilo halirekebishwi kwa spana. Nenda ukaongee naye.

## Matunzo

Safisha wavu kila wiki, na kila siku wakati wa mvua kubwa. Ondoa mchanga kwenye kibwawa. Mara moja kwa mwezi weka mkono kwenye viungo uone kama kuna unyevu, kaza boliti za kitako, na sikiliza sauti; ukiizoea utajua ina shida kabla hujafika.

Mlango wa valvu ya kumwaga ndio unaochakaa kwanza, kwa sababu unafunga makumi ya maelfu ya mara kila siku. Nunua cheki valvu ya pili ya shaba siku ile ile unaponunua ya kwanza, na uiweke nyumbani. Mjini ukienda kutafuta moja tu katikati ya kiangazi, utakuta zimebaki za plastiki, na zile hazidumu.

Maji yanayofika juu ni yale yale ya kijito, kwa hiyo ya kunywa yachemshwe. Na kila ukipita tangini, nenda na ile chupa ya lita moja. Sekunde 36 zikigeuka 50, shuka bondeni ukaanze na wavu.